Unakwenda India kutibiwa? Safari inaanzia Karatu



Ndugu msomaji, wiki hii safu yetu ya afya na usafi inawageukia zaidi wasomaji wa Karatu, Mto wa Mbu, Endulen na Loliondo, ingawa na wa kwingineko watafaidika Inshaallah. Sababu ni swali linaloulizwa sana siku hizi, baada ya swala, kwenye vikao vya ukoo na hata kwenye mabenchi ya hospitali: mgonjwa wetu ameambiwa India, tujiandae vipi?

Wengi wakisikia India hufikiria mambo mawili tu, fedha na tiketi. Basi huuzwa ng'ombe, hukodishwa shamba la vitunguu kule Mang'ola, jamaa wa msikitini nao huchanga. Fedha ikitimia, mgonjwa anapandishwa basi la Arusha akiwa na begi la nguo na karatasi mbili za hospitali zilizokunjwa mfukoni. Anafika Chennai au Mumbai, daktari anamuuliza historia ya ugonjwa wake, hakuna anayeijua vizuri. Vipimo vinaanza upya vyote, na kila kipimo kina bei yake. Mchango wa watu unaweza kuyeyuka kabla tiba yenyewe haijaanza.

Kwa hiyo tutakayoyasema leo mengi ni ya kufanywa hapa nyumbani, kabla hujaikanyaga KIA. Ukishafika kule umechelewa.

Je, ni lazima iwe India?

Hili ndilo la kwanza, na watu huliruka kwa sababu neno la India limekuwa kama heshima. Miaka ya nyuma mgonjwa wa moyo au figo hakuwa na njia nyingine. Leo mambo yamebadilika. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili ilianzishwa mwaka 2015 na inapasua moyo na kuzibua mishipa yake. Muhimbili walipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuatia mwaka 2018. KCMC ipo Moshi, mwendo wa siku moja kwa gari kutoka Karatu. Muulize daktari wako kwa adabu lakini waziwazi: tiba hii inapatikana hapa nchini? Kama inapatikana, foleni yake ni ya muda gani, na ugonjwa wangu unaweza kusubiri kiasi gani? Akikujibu kuwa haipo, au kwamba muda hauruhusu, hapo safari ina msingi. Na kama jibu ni kwamba ugonjwa umefika mahali ambapo hata India hawataweza kuuondoa, ni haki ya familia kuambiwa hivyo kabla ya kuuza shamba.

Watu wa Ngorongoro hawahitaji kufundishwa kuhusu safari ya tiba isiyo na maandalizi. Mwaka 2011 wao ndio walikuwa wenyeji. Maelfu kwa maelfu walimiminika kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, kunywa kikombe cha Sh 500. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, vyoo hakuna, maji hakuna, wagonjwa mahututi wamelazwa chini ya magari, na wapo waliofia njiani. Wapo pia walioacha dawa zao za kisukari na za kupunguza makali ya Ukimwi kwa kuamini wamepona. Mzee huyo alifariki mwaka 2021. Tunalikumbusha hili kwa sababu na leo wapo wanaoacha dawa za presha au za sukari wiki mbili kabla ya safari, eti "watanipa mpya India". Usiache. Mgonjwa afike akiwa ametulia, si akiwa katika dharura.

Karatasi zilizo sawa na dawa

Tafuta faili moja gumu lenye mifuko. Humo weka barua ya rufaa iliyoandikwa kwa Kiingereza na daktari aliyekutibu, iwe ni wa hospitali ya Kilutheri ya Karatu, FAME, Endulen, Wasso au ya mkoa. Barua itaje ugonjwa, ulipoanza, dawa zilizokwishatumika na matokeo yake. Weka majibu ya vipimo vyote kwa mpangilio wa tarehe. Kama ulipigwa CT skani au MRI, usichukue karatasi ya majibu peke yake, omba na diski yenye picha, kwani daktari wa kule atataka kuziona kwa macho yake. Kama ulikatwa kipande cha nyama kwa ajili ya kupima saratani, uliza kama unaweza kupewa vioo vya darubini na kile kipande chenyewe kilichohifadhiwa kwenye nta. Wengi hawajui kwamba vitu hivi vinaweza kuazimwa kutoka maabara, na kuwa navyo kunaweza kumwepusha mgonjwa na kisu cha pili.

Piga picha kila karatasi kwa simu, umtumie na ndugu anayebaki nyumbani.

Sasa tuje kwenye jina. Hapa ndipo familia nyingi za Kiislamu zinapokwama. Kadi ya kliniki imeandikwa Fatuma, kitambulisho cha NIDA kinasema Fatma, cheti cha kuzaliwa kinasema Fatuma Ramadhani na cha ndoa Fatma Ramadhan. Kwetu sisi ni mtu mmoja. Kwa afisa wa viza na karani wa hospitali ya kigeni hao ni watu wawili au watatu. Majina ya Kimaasai na Kiiraqw nayo kila karani huyaandika anavyoyasikia. Yanyooshe mapema, na pale yasiponyooka pata hati ya kiapo kwa mwanasheria. Pasipoti ya kielektroniki, iliyoanza kutolewa mwaka 2018, inataka kitambulisho cha taifa na vyeti vya kuzaliwa, na kwa mzee aliyezaliwa bomani bila cheti kazi ya RITA peke yake inaweza kula wiki kadhaa. Anzeni na hilo kabla ya kuanza na tiketi.

Kisha andikieni hospitali ya India moja kwa moja. Hospitali kubwa zina idara ya wagonjwa wa kigeni, inayopokea vipimo kwa barua pepe na kujibu kwa maandishi: tunaweza, tiba ni hii, makadirio ya gharama ni haya, mtakaa siku kadhaa. Barua hiyo ndiyo inayoombea viza ya matibabu. Wasindikizaji nao wana viza yao, na kwa kawaida hawazidi wawili kwa mgonjwa mmoja. Usikubali kwenda kwa viza ya utalii kwa sababu dalali amesema ni rahisi zaidi. Dalali huyo hatakuwepo hospitali itakapotaka viza sahihi. Na ukitaka kujua kama hospitali inatambulika, uliza kama ina ithibati ya NABH, ambacho ni chombo cha India cha kukagua ubora wa hospitali.

Mwambie daktari wa kule unatoka wapi

Ndugu msomaji, hapa tutakaa kidogo, kwa sababu sijaona likiandikwa mahali pengi.

Daktari bingwa wa Chennai anajua moyo, anajua figo, anajua saratani. Lakini yawezekana hajawahi kumwona mgonjwa aliyekulia Nainokanoka. Magonjwa ya mbuga na ya wafugaji si rahisi kumjia akilini, na usipomwambia atayatafuta mwisho kabisa.

Chukua mfano wa mgonjwa mwenye uvimbe kwenye ini. Katika jamii zinazoishi na mbwa, kondoo na mbuzi upo uvimbe wa maji unaosababishwa na viluwiluwi vya minyoo ya mbwa, na maeneo ya wafugaji wa Kimaasai, Ngorongoro ikiwemo, yanajulikana kwa ugonjwa huo. Kwenye picha unaweza kudhaniwa ni uvimbe mwingine. Ukichomwa sindano bila tahadhari, maji yake yakamwagika tumboni, mgonjwa anaweza kupata mshtuko wa mzio wa kuua. Lakini mgonjwa akisema tangu mwanzo, "Nimekulia bomani, tulilala na mbwa na kondoo," daktari atapima damu na kupanga kwa njia nyingine.

Homa ya muda mrefu, jasho la usiku na maumivu ya kiuno kwa mtu anayekunywa maziwa mabichi inaweza kuwa brusela, tunayoipata kwa ng'ombe na mbuzi. Aliyeumwa na mbung'o porini, akapata homa na kidonda pale alipoumwa, lazima aseme, maana malale ya eneo letu huenda mbio na dawa zake hazikai kwenye kila duka. Wafugaji wanakumbuka pia homa ya Bonde la Ufa iliyoingia Ngorongoro mwaka 2007, ikaua mifugo na watu. Kichocho nacho kipo kwa waliooga au kulima kwenye maji yaliyotuama. Na juu ya yote, malaria. Mtu wa Karatu mjini kwenye baridi anaweza kusema "kwetu hakuna malaria", akasahau alilala Mto wa Mbu wiki moja kabla ya safari. Homa ikimpata India siku ya tano, jambo la kwanza kumwambia daktari ni kwamba ametoka Tanzania.

Basi kaeni na mgonjwa jioni moja, mwandike ukurasa mmoja: alikozaliwa, mifugo aliyoishi nayo, maziwa anayokunywa, porini alikopita, dawa za miti shamba alizotumia na lini. Za miti shamba msifiche kwa haya. Baadhi huumiza ini na figo, nyingine hugongana na dawa za usingizi. Mpelekeeni daktari wa Karatu aweke ukurasa huo kwa Kiingereza.

Hapo linaingia suala la mkalimani. Baadhi ya hospitali kubwa za India zina wakalimani wa Kiswahili, ulizeni kabla. Lakini mama anayezungumza Kimaasai au Kiiraqw tu atahitaji msindikizaji wa kumfikisha kwenye Kiswahili kwanza. Msindikizaji huyo awe mkweli. Tabia yetu ya kumficha mgonjwa habari mbaya, daktari anasema maneno kumi sisi tunatafsiri matatu, haifai pale anapotakiwa kutia dole gumba kwenye fomu ya kukubali upasuaji.

Figo haiuzwi

Wanaokwenda kupandikizwa figo walijue hili kabla hawajamsikiliza mtu yeyote. India ina sheria ya upandikizaji ya mwaka 1994, na biashara ya viungo ni kosa la jinai kwa muuzaji, mnunuzi na dalali. Mgeni anatakiwa aende na mtoaji wake, ndugu wa karibu: mzazi, mtoto, kaka, dada, mume au mke, na baada ya marekebisho ya mwaka 2011 hata babu, bibi na wajukuu. Undugu unathibitishwa kwa nyaraka, na ubalozi wa nchi yako unahusishwa. Kamati ya hospitali inakaa na kuwahoji. Sasa rudi pale tuliposema kuhusu majina: kama kaka na dada wa baba mmoja wana majina ya ukoo tofauti kwenye vyeti, kamati haitawaelewa hata mkifanana kama shilingi kwa ya pili. Kwa mke na mume, cheti cha ndoa cha BAKWATA au cha serikali kiwe tayari. Mtu akikuambia Karatu kwamba "figo utaipata kule kule", mkimbie.

Maadamu tuko kwenye sheria, mawili mengine. Msindikizaji mjamzito akipigwa ultrasaundi India haruhusiwi kuambiwa jinsia ya mtoto, ni kosa la daktari kusema, hivyo asimbembeleze. Na nyie vijana mnaoongoza watalii, simu za setilaiti mnazotumia porini msizibebe. India inazizuia bila kibali na watu wamekamatwa viwanja vya ndege kwa ajili yake.

Chanjo, na wale wasiotakiwa kuchanjwa

Msafiri anayeingia India kutoka nchi waliyoiweka kwenye orodha ya homa ya manjano, au aliyepitia nchi hiyo, akiwa hana cheti anaweza kutengwa hadi siku 6. Ndege nyingi kutoka KIA na Dar es Salaam hupitia Nairobi au Addis Ababa, kwa hiyo usiingie kwenye mabishano ya orodha, kuwa na cheti. Chanjo huhesabika siku 10 baada ya kuchomwa, na tangu Julai 2016 cheti chake ni cha maisha. Kununua kadi ya njano bila kuchanjwa ni uongo juu ya hatari.

Lakini hii ni chanjo yenye kirusi hai kilichodhoofishwa. Mgonjwa wa saratani aliye kwenye dawa kali, aliyepandikizwa kiungo, mwenye Ukimwi ambaye kinga imeshuka sana, mtoto wa chini ya miezi 9, au mwenye mzio mkali wa mayai, hao wanaweza kudhurika nayo. Mwenye miaka zaidi ya 60 anayechanjwa mara ya kwanza naye aangaliwe kwa makini. Kwa watu hawa daktari anaandika msamaha wa kitabibu katika kijitabu hicho hicho, na mnauambatanisha na maombi ya viza. Msimsukume mgonjwa kwenye sindano ili tu karatasi zikamilike.

Wasindikizaji waulize pia chanjo ya homa ya matumbo na ya homa ya ini, na wahakikishe pepopunda haijapitwa na wakati. Msindikizaji akiugua, mgonjwa anabaki na nani?

Njiani

Kutoka Karatu hadi KIA ni karibu kilomita 200. Mgonjwa dhaifu asisafiri barabara na ndege kwa siku moja, alale Arusha. Dawa zote zikae kwenye begi la mkononi, ndani ya pakiti zake zenye majina, pamoja na cheti cha daktari. Insulini hasa isiende kwenye mizigo ya chini, inaweza kuganda kwa baridi na ikaharibika. Mwenye selimundu, upungufu mkubwa wa damu au shida ya mapafu aulize shirika la ndege kuhusu oksijeni kabla ya kukata tiketi. Kila saa moja au mbili simama, tembea, zungusha vifundo vya miguu, kunywa maji, damu isije ikaganda kwenye ndama za miguu.

Mavazi yatawashangaza. Sisi tumezoea baridi ya ukingo wa kreta, mwenzetu anapanda ndege na koti zito mwezi Mei anashuka Chennai kwenye nyuzi joto 40. Kinyume chake Delhi mwezi Januari ni baridi kweli, na kuanzia Oktoba hadi Januari hewa yake hujaa moshi kiasi cha kumkaba mwenye pumu. Mumbai mvua kubwa ni Juni hadi Septemba. Kama tiba inaweza kuchagua mwezi, chagueni.

Fedha taslimu zinazozidi dola 5,000 lazima uzitaje forodhani. Rupia usinunue Arusha wala usipokee za urithi kwa mtu aliyewahi kwenda: noti za zamani za 500 na za 1,000 zilifutwa Novemba 2016. Mjulishe benki yako kadi itatumika nje. Chaja zenu za pini tatu za mraba hazitaingia ukutani, mnunue kibadilishi.

Usafi: maji, mikono, mbu na mbwa

Maji ya bomba msinywe, wala kupigia mswaki, wala kusukutulia mnapotawadha kama mgonjwa kinga yake iko chini. Tumieni ya chupa, mkague kifuniko kama hakijawahi kufunguliwa, au mchemshe kwenye birika la umeme. Barafu ya barabarani, juisi ya miwa na matunda yaliyokatwa tayari, mwacheni anayeuza. Embe au ndizi umenye mwenyewe. Beba pakiti za ORS kutoka nyumbani, ni nyepesi na bei ndogo. Kuharisha kukiwa na damu au homa nenda hospitali, usikimbilie kununua antibaiotiki dukani. India ni nchi ambayo vijidudu sugu vimeenea, na kimojawapo cha vimeng'enya vinavyovipa usugu kilipewa jina la New Delhi. Kwa sababu hiyo hiyo, kila anayemshika mgonjwa wodini, awe muuguzi au binamu, anawe mikono kwanza. Kuomba hivyo si utovu wa adabu. Kidonda kisiguswe na mtu aliyekuja "kuangalia tu".

Chooni mtafurahi. Vyoo vingi vina ndoo na kopo au kimpira cha maji, kwa hiyo kustanji si tatizo kama ilivyo Ulaya.

Mbu wa kule huuma mchana pia na kuleta dengi. Ukipata homa na maumivu ya macho na viungo, tumia paracetamol tu mpaka upimwe. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni huongeza hatari ya kutoka damu. Ipo pia malaria ya aina ya vivax ambayo hujificha ndani ya ini na kuamka baada ya miezi. Homa ikikupata Karatu miezi minne baada ya kurudi, mwambie daktari ulikuwa India.

Mbwa na nyani wa mitaani wasiguswe. Kichaa cha mbwa kinaua watu wengi zaidi India kuliko nchi nyingine yoyote. Sisi tuliozungukwa na kampeni za kuchanja mbwa pembeni mwa Serengeti na Ngorongoro tunaujua ugonjwa huo: oshea jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha chanjo siku hiyo hiyo.

Kula, kuswali na kumeza dawa

Chakula cha halali si kigumu. Sensa ya India ya mwaka 2011 ilihesabu Waislamu milioni 172, misikiti ipo na migahawa ipo. Kwa vyakula vya pakiti, tazameni alama. Nukta ya kijani ndani ya mraba wa kijani maana yake hakuna nyama wala mafuta ya mnyama, isipokuwa maziwa, kwa hiyo ya nguruwe hayamo. Haisemi lolote kuhusu kilevi, soma orodha. Alama ya kahawia ni ya vyenye nyama. Hospitali nyingi hupika mboga na dengu tu, tena kwa pilipili. Mwambieni mtaalamu wa lishe mapema kama mgonjwa ana vidonda vya tumbo. Nyama kavu ya ng'ombe msibebe, majimbo mengi yana sheria kali juu yake.

Kibla msikisie kwa mazoea. Karatu tunaelekea kaskazini, India ni magharibi. Mgonjwa asiyeweza kusimama au mwenye bandeji pasipotakiwa maji, aulize imamu wake hukumu kabla ya kuondoka ili asibaki na wasiwasi kitandani.

Kuhusu dawa, madaktari wa India huandika namba tatu. Ukiona 1-0-1 maana yake kimoja asubuhi, mchana hakuna, kimoja usiku. 0-0-1 ni usiku tu. SOS ni pale inapohitajika peke yake, si kila siku, na HS ni wakati wa kulala. Saa nazo zinachanganya. India iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu, na saa nane ya kwao asubuhi ndiyo saa mbili yetu. Dawa ya "eight" ikimezwa saa nane mchana, kosa limetokea. Na muuguzi akitikisa kichwa kulia na kushoto usidhani amekataa, mara nyingi anakuambia sawa.

Mazungumzo yanayokwepwa

Kabla ya kuondoka mgonjwa aandike wasia, madeni na amana zake zijulikane. Familia ikubaliane pia: Mwenyezi Mungu akimchukua akiwa kule, atazikwa wapi? Kurudisha maiti kunataka kibali, jeneza maalumu, ubalozi wetu wa New Delhi na fedha nyingi, na mwili huweza kukaa siku nyingi. Kuzikwa huko na Waislamu wa huko kunawezekana, na ni haraka. Uamuzi huu ukifanywa Karatu kwa utulivu, msindikizaji hatabaki peke yake korido ya hospitali akipigiwa simu na ndugu ishirini wenye maoni ishirini.

Siku ya kuruhusiwa, msiondoke bila muhtasari wa matibabu uliopigwa mhuri, majibu ya vipimo vyote, diski za picha, majina halisi ya dawa na si ya kibiashara tu, na barua ya daktari kwamba mgonjwa anaweza kupanda ndege. Ulizeni dawa zipi hazipatikani Arusha, mnunue za miezi kadhaa kwa cheti. Chukueni barua pepe ya daktari. Mkifika, katika wiki ya kwanza mpelekeni mgonjwa na faili lake kwa daktari yule yule wa Karatu aliyeandika rufaa, na mmwambie alilazwa India, ili akiona kidonda hakikauki ajue ni dawa gani za kuanza nazo.